Kuchagua Pikipiki Mpya Ukiwa Mwendeshaji wa Miaka Mingi

Mtu anayenunua pikipiki kwa mara ya kwanza ana bahati moja ambayo mwendeshaji mzoefu ameshaipoteza: anajua kuwa hajui, kwa hiyo huuliza. Aliyeendesha kwa miaka 15 au 20 huingia dukani akiwa na jibu lake tayari, kwa kuwa wiki iliyopita aliiona pikipiki fulani ikipita Chumbageni, hapa mjini Tanga, akaupenda mlio wake na kimo chake, na tangu siku hiyo hatafuti ushauri bali mtu wa kukubaliana naye. Mazoea yana taabu, na hapa taabu yake ni kwamba mikono na miguu yetu imeizoea pikipiki moja, wala si pikipiki zote. Nayaandika haya nikiwa mmoja wa watu hao. Kwa zaidi ya miaka 20 nilikuwa bwana shamba katika vijiji vya Muheza na Amani, nikipanda milimani kwa wakulima wa iliki, karafuu na pilipili manga, na nilipostaafu nikanunua pikipiki mpya kwa fedha yangu mwenyewe, nikakosea karibu kila hatua nitakayoieleza hapa chini.

Anza na daftari

Kabla hujaenda kuangalia pikipiki yoyote, chukua daftari dogo na kwa wiki nne uandike kila safari unayoifanya: ulitoka wapi na kwenda wapi, ni kilomita ngapi, njia ilikuwa ya lami, changarawe, mchanga au tope, ulibeba mzigo gani, ulikuwa na abiria au peke yako, na kama ulirudi usiku. Kazi hii inachosha, na wengi huiacha siku ya nne. Mimi niliifanya nikiwa nimeshanunua, yaani nimechelewa, na ndipo nilipojua kilichonisibu. Ningeulizwa bila daftari, ningeapa kwamba maisha yangu yako kwenye lami ya Tanga kwenda Segera, kwa sababu safari ndefu ndizo zinazokaa kichwani. Daftari likanionyesha kuwa katika wiki nne nilikwenda Segera mara moja tu, lakini nilipanda shambani kwangu, kwenye vilima vilivyo juu ya Muheza, mara saba, na katika safari tano kati ya hizo nilishuka na gunia la machungwa nyuma yangu.

Ukimaliza, usikimbilie kujumlisha kilomita. Tafuta kwanza njia mbaya kuliko zote ambayo unaipita angalau mara moja kwa wiki, kisha uchague pikipiki kwa ajili ya njia hiyo. Sababu yake ni rahisi: pikipiki iliyotengenezwa kwa ajili ya tope, ukiipeleka kwenye lami, itakunyima starehe kidogo na mwendo kidogo, lakini pikipiki ya lami, ukiipeleka kwenye udongo mwekundu wa kupanda Amani siku ya mvua, itakuangusha. Kama njia hiyo mbaya unaipita mara mbili tu kwa mwaka, iondoe kwenye hesabu. Siku hizo mbili iache pikipiki kwa jamaa aliye chini ya mlima, nawe upande gari la wenyeji.

Jihadhari pia na msimu ulioandikia daftari lako, maana daftari la Agosti haliwezi kusema ukweli wa Aprili. Katika masika, ambayo kwetu huanza Machi na kuishia Mei, njia ileile iliyokuwa vumbi hugeuka utelezi, na vijito ulivyovivuka bila kulowesha kiatu hufika kwenye eksozi. Ikiwa uliandika wakati wa kiangazi, kaa na watu wa njia hiyo wakueleze inavyokuwa, nawe uongeze maelezo yao pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine.

Injini: tazama nguvu inapopatikana

Kishawishi kikubwa cha mwenye uzoefu ni kuongeza cc, yaani ukubwa wa injini. Tumeendesha cc 100 na 125 kwa miaka mingi, na tunaona kana kwamba tumestahili kupandishwa cheo. Lakini karatasi ya maelezo inayotolewa dukani hutangaza nguvu ya juu kabisa ya injini, na nguvu hiyo kwa kawaida hupatikana injini ikizunguka mara 7,500 au 8,000 kwa dakika, mzunguko ambao mpandaji wa mlima mwenye gunia nyuma haufikii wala hautaki kuufikia. Soma mstari unaofuata, ule wa nguvu ya kuvuta inayoandikwa kwa kipimo cha Nm, kisha uangalie inapatikana katika mizunguko mingapi. Kati ya pikipiki mbili zinazokaribiana cc, ile inayotoa nguvu yake ya kuvuta mapema ndiyo itakayopanda kwa gia ya pili bila kulia, na yenye nguvu ya mwishoni itakulazimisha kushindilia klachi kila kona.

Urefu wa mlima nao unadai sehemu yake. Hewa hupungua kadiri unavyopanda, na injini isiyosukumiwa hewa hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Amani iko kwenye mita zinazokaribia 900 na Lushoto kwenye mita zinazokaribia 1,400, kwa hiyo pikipiki uliyoijaribu kando ya bahari ya Raskazone si ile utakayokuwa nayo juu. Ile ya kabureta itaungua ikiwa na mafuta mengi kidogo kuliko hewa, na plagi itaonyesha weusi. Ile ya kupuliza mafuta kwa umeme hujirekebisha yenyewe na hutumia mafuta kwa uangalifu zaidi, lakini huitegemea betri nzima na fundi mwenye kifaa cha kuisoma.

Jambo ambalo wazoefu wengi hulisahau ni kuwa unaweza kununua nguvu ya mlima kwa bei ya sproketi, yale magurudumu ya meno yanayozungusha cheni. Pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma ina uwiano wa 3.0, ukiweka ya nyuma yenye meno 45, uwiano unafika 3.2, yaani unapata takriban asilimia 7 zaidi ya kuvuta katika kila gia, na kasi ya juu unaipoteza kwa kiasi hichohicho. Kabla ya kuhama kutoka cc 125 kwenda 150, au kutoka 150 kwenda 200, uliza kama sproketi za ukubwa mwingine zinapatikana kwa pikipiki unayoipenda. Huenda ukarudi nyumbani na fedha mfukoni. Gia nne au tano si jambo la kugombania. Tofauti yake utaihisi kwenye lami ndefu ya Segera, ambako gia ya tano humpumzisha mwendeshaji na injini, lakini milimani utaitumia kwa nadra.

Niseme neno moja juu ya Yamaha DT 125 za zamani, zile za injini ya mipigo miwili, ya kuchanganya oili na petroli, kwa kuwa kila mtu wa umri wangu akifikiria kununua pikipiki huanza kwa kuiota hiyo. Ilikuwa nyepesi, ilipanda kama mbuzi, na harufu ya moshi wake mpaka leo hunikumbusha asubuhi za baridi za Amani. Lakini usimtafute marehemu dukani. Injini za namna hiyo hazina nguvu kubwa ya kuizuia pikipiki wakati wa kushuka, na aliyejifunza juu yake amezoea kushuka kwa breki. Akihamia kwenye injini ya mipigo minne bila kubadili tabia, ataziunguza breki za ngoma bure, ilhali gia ya pili pekee ingemshusha salama.

Mwili wako wa leo na mguu wako wa jana

Hapa ndipo nilipokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pikipiki niliyoinunua ilikuwa ndefu, ya mtindo wa porini, yenye siti iliyo juu ya sentimita 85 kutoka ardhini. Nilipoijaribu dukani, kwenye sakafu ya saruji, ncha za viatu vyangu zilifika chini, nikaridhika. Nikasahau kwamba njia ya mlimani haina sakafu ya saruji. Unaposimama kwenye mfereji uliochimbwa na maji, upande mmoja wa ardhi uko chini kwa kiganja kizima, na mguu unaoteremka kutafuta ardhi hauikuti. Pikipiki ikishaanza kulala hakuna ubabe wa kuizuia. Nilianguka mara tatu katika mwezi wa kwanza, zote nikiwa nimesimama. Fundi wangu wa Ngamiani, ambaye hakuwahi kunificha neno, alipoiona indiketa ya tatu imevunjika alisema, “Bwana shamba, hii ni pikipiki ya kijana wako.” Sikumjibu, lakini alikuwa na haki.

Kwa hiyo ijaribu siti ukiwa umevaa viatu vyako vya safari, mzigo ukiwa umefungwa nyuma, na pikipiki ikiwa imesimama pembeni mwa barabara palipoinama. Nyayo za mbele za miguu yote miwili zikae chini imara, na goti likunjike kidogo. Kisha ilaze pikipiki chini taratibu, juu ya gunia ili isichubuke, na uinyanyue peke yako. Muuzaji atashangaa, na mwache ashangae. Pikipiki za kawaida za cc 125 hadi 150 huwa na uzito wa kilo 110 hadi 130 hivi; uliweza kuinyanyua ya namna hiyo ukiwa na miaka 30, lakini anayenunua ni mtu mwenye umri ulio nao leo, na akianguka kwenye barabara ya mkonge saa moja usiku atakuwa peke yake.

Suala la pili ni mpangilio wa gia. Ziko pikipiki, nyingi zikiwa za biashara, ambazo gia zake zote hukanyagwa kuelekea upande mmoja, na pedali ya gia ina ncha mbili, ya kidole na ya kisigino. Ziko nyingine, hasa za mtindo wa porini, ambazo gia ya kwanza iko chini na zinazofuata huinuliwa kwa kidole. Anayeanza hujifunza lolote atakalopewa. Aliyezoea, hata akijifunza upya kwa siku tatu na kudhani amemaliza, mguu wake utarudi kwenye tabia ya zamani siku ile tu ambapo mbuzi ameruka barabarani na hakuna muda wa kufikiri: atakanyaga akidhani anapunguza gia, kumbe anaongeza, na pikipiki itamchukua badala ya kumsikiliza. Ikiwa unaweza kupata pikipiki inayokufaa yenye mpangilio uleule uliouzoea, hiyo ni sababu ya kutosha kuipendelea kuliko nyingine iliyo nzuri kidogo zaidi. Kama huwezi, iendeshe mwezi mzima kwenye mitaa mipana isiyo na magari mengi kabla hujaipeleka kwenye barabara kuu ya malori na mabasi.

Breki nazo zina hadithi hiyohiyo. Mkono uliozoea breki ya ngoma hubana kwa nguvu kwa kuwa ngoma hudai nguvu, na mkono huohuo ukibana breki ya diski juu ya mchanga uliomwagika kwenye lami, tairi la mbele litafunga na kuteleza. Hata hivyo nashauri diski mbele, kwa sababu haishiki moto upesi kwenye mteremko mrefu kama wa kutoka Lushoto kuja Mombo, na ukipita kwenye maji hujikausha mapema. Nyuma, ngoma inatosha, na inavumilia tope kuliko diski.

Chumvi, spea na fundi

Mji wetu uko baharini, na upepo wa bahari hauchagui. Pikipiki ikilala nje Raskazone au karibu na pwani ya Pangani, kutu huanza mahali usipopaona: ndani ya eksozi, chini ya madigadi, kwenye viungo vya nyaya na kwenye boliti za siti. Unapochagua, inama uangalie chini yake kama unavyomkagua ng’ombe wa kununua. Rangi ya fremu iwe imefika hadi kwenye maungio ya kuchomelea, nyaya zipite ndani ya mipira, na plagi za umeme ziwe na vifuniko visivyoingiza maji. Nikel inayong’aa inapendeza dukani, lakini hapa pwani hudumu kidogo. Chuma kilichopakwa rangi nyeusi isiyo na urembo kitaishi muda mrefu zaidi.

Anayepita njia za mchanga apendelee cheni iliyofunikwa yote kwa kava, kwa kuwa mchanga uliochanganyika na oili ni msasa. Kwenye magurudumu, rimu za spoki ndizo za njia ya mawe, maana zikipinda fundi wa mtaani atazinyoosha, ilhali rimu za kumiminwa zikipasuka hununuliwa mpya. Zile za kumiminwa zina faida yake kwa mtu wa lami, kwa sababu nyingi hubeba tairi lisilo na tyubu, nalo likichomwa na msumari hutoa upepo polepole.

Kuhusu spea, usimuulize muuzaji wa pikipiki. Andika vitu vitano ambavyo hakika utavibadilisha ndani ya miaka miwili, yaani seti ya cheni na sproketi, sahani za klachi, pedi za breki, waya wa klachi na kichujio cha hewa, kisha uzunguke mwenyewe kwenye maduka ya spea ya Ngamiani ukiulizia bei na kama vipo siku hiyohiyo. Kitakachoambiwa “kitakuja kutoka Dar” kihesabu kama hakipo. Mimi nilikaa wiki sita bila pikipiki nikisubiri sahani za klachi, huku jirani yangu mwenye Boxer akibadilishiwa zake kabla chai haijapoa. Wazoefu huzidharau Boxer na TVS wakisema ni za bodaboda, lakini kuwa za bodaboda maana yake ni kwamba kila fundi kuanzia Horohoro hadi Korogwe ameshazifungua mara nyingi, na kila duka lina vitu vyake.

Kisha mpeleke fundi wako aione. Wapo wanaoona haya kumchukua fundi kwenda kununua pikipiki mpya, wakidhani kipya hakina kasoro. Fundi haendi kutafuta kasoro. Anakwenda kukwambia kama ataweza kufikia tepeti za kurekebisha vali bila kushusha tangi, kama oili inamwagwa bila kufungua kingine, na kama yeye mwenyewe anataka kuishika kazi hiyo. Akisitasita, sikia kusitasita kwake.

Hesabu na karatasi

Bei ya dukani ni sehemu tu ya gharama, kwa hiyo hesabu miaka mitatu. Jumlisha bei, bima, oili, matairi, seti moja au mbili za cheni na mafuta, kisha utoe kiasi unachoamini utaiuzia. Kwenye mafuta usisadiki tangazo. Mtafute mwenye pikipiki kama hiyo, jazeni tangi mpaka juu, aendeshe kilomita 100 za njia yenu, mjaze tena, mgawanye kilomita kwa lita zilizoingia. Anayekwenda kilomita 12,000 kwa mwaka kwa pikipiki ya kilomita 50 kwa lita hutumia lita 240. Kwa pikipiki ya kilomita 30 kwa lita hutumia lita 400. Zidisha lita hizo 160 kwa bei ya kituo chako, kisha kwa miaka mitatu, na huenda tamaa ya injini kubwa ikapoa yenyewe.

Siku ya kulipa, linganisha namba ya chesisi na namba ya injini zilizogongwa kwenye chuma na zile zilizoandikwa kwenye karatasi, tarakimu kwa tarakimu, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, yenye kiasi kamili ulicholipa. Hakikisha usajili wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, unatoka kwa jina lako lilivyo kwenye kitambulisho, bima imeanza kabla hujatoka getini, na daraja la leseni yako linaruhusu ukubwa wa injini hiyo. Kama nia yako ni kubeba abiria kwa malipo, kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni jambo la kushughulikia mwanzoni. Kofia ngumu ya zamani usiirithishe pikipiki mpya ikiwa imewahi kuanguka nawe, hata kama haionyeshi ufa.

Kwa kilomita 1,000 za kwanza usiilazimishe injini na usiendeshe muda mrefu kwa mwendo mmoja. Badilisha mwendo, na umwage oili ya kwanza mapema kama kitabu kinavyoelekeza, kwa kuwa imebeba unga wa chuma wa vitu vipya vinavyosuguana. Tumia oili ya pikipiki yenye alama ya JASO MA. Oili ya gari mara nyingi ina vilainishi ambavyo vitaifanya klachi iteleze, na wazoefu ndio wanaoongoza kwa kosa hili kwa sababu galoni ya gari iko nyumbani tayari.

Ile ya zamani, ukiweza, usiiuze mpaka mpya ipite masika moja. Wengi hulipia mpya kwa kuuza ya zamani wiki ileile, na Mei inapofika wamegundua kasoro ambayo Januari haikuonekana, wakiwa hawana pa kurudi. Kama utaiweka, mwaga petroli yote iliyomo kwenye kabureta, toa betri uiweke ndani, paka cheni grisi, isimamishe matairi yasiguse ardhi, na kila wiki mbili uizungushe injini kwa kiki mara chache bila kuiwasha.